Mtu Huletwa, Haelekezwi

Dada Sidi,

Nimekalia kile kiti chako cha plastiki cha buluu, ulichokifunga mguu kwa waya ukasema kitatuzika sote. Wewe kimekuzika, sisi bado. Haya, nimeanza vibaya, nisamehe. Unanijua mimi Dama wako, nikiingiwa na hofu ulimi unakuwa shoka, na leo ninaogopa kuliko siku ile daktari alipotoka chumbani kwako akaniuliza kama nina ndugu mwingine wa kumpigia simu.

Ni Ijumaa, saa nne asubuhi. Da Halima na wenzake wako jikoni wanafunga vikombe kwa magazeti. Kesho tunahama, dada. Hii nyumba uliyoipigia magoti tunaiacha, na anayewahamisha watu ni mimi, ingawa mpaka leo asubuhi hakuna aliyejua. Saa tisa alasiri natakiwa niwe Al Sadd, mjini Doha. Sitaki kutoka bila kukueleza nilichofanya.

Lakini wewe ulikuwa ukisema mgonjwa haambiwi ugonjwa wake kabla hajanywa chai. Basi chai kwanza.

Ulifika nyumbani salama. Wamekulaza upande wa mamako, chini ya ule mkorosho usiozaa. Tulikuona kwa simu, sote tumejazana kitandani kwako, na mtandao ukakatika palepale udongo ulipoanza kumwagwa. Uso wa kakako ukaganda kwenye kioo, mdomo wazi, kwa dakika nzima. Nekesa, binti wetu wa Bungoma, akasema huyo kaka ana meno mazuri, na tukacheka, Mungu atusamehe, tukacheka mpaka tukalia. Mnavu uliopanda nyuma ya tangi umeota vizuri, tumeshachuma mara tatu. Na bibi mwenye shamba alikuja mwenyewe na sahani ya tende, akaketi chini nasi, akasema "pole sana" vile ulivyomfundisha. Kisha akatuambia nyumba ni yetu mpaka tuchoke. Mamake ulimwogesha miaka minne, hajasahau.

Chai imeisha.

Unakumbuka ilivyoanza. Wewe ulimkuta yule msichana wa Kisii pale Al Sadd, ameketi na begi lake kwenye benchi mkabala na duka la dawa, siku ya tatu hiyo, anajifanya anasubiri mtu. Ukamchukua. Chumba chako kilikuwa cha watu wanne, akawa wa tano. Ijumaa iliyofuata ukatuita sisi wanawake wa kwetu, kumi na wawili, ukatuuliza kama tumesahau mweria. Nani angesahau? Kwetu shamba likimshinda mtu, wenzake huja na majembe, yeye anapika, kesho ni zamu ya shamba la mwingine. Nikakuuliza, dada, huku shamba liko wapi? Ukasema shamba ni yule msichana, na jembe ni Ijumaa yako ya mapumziko.

Basi kila mmoja akatoa Ijumaa yake. Huyu anapika, huyu anampeleka mgonjwa hospitali, huyu anayejua Kiarabu anakwenda kusimama foleni ya ofisi ya kazi. Mimi, kwa kuwa niko mapokezi kwenye kliniki ya meno hatua chache kutoka benchi lile, ukanipa kazi ya kupokea. Binti akitoroka nyumba aliyofungiwa, au akitupwa nje na begi lake, anaambiwa aende kwenye benchi akae. Mimi natoka, namshika mkono, tunapanda gari pamoja hadi huku Umm Salal, kwenye nyumba aliyokupa bibi mwenye shamba. Sikuruhusiwa kumtumia mtu lokesheni. Hata yule nesi wa Machakos aliyetuletea dawa miezi sita, kila mara alichukuliwa na kurudishwa. Alikasirika, akasema tunajifanya jeshi. Ukamjibu kwa upole, ukapika chapati, na hukubadilisha neno.

"Mtu huletwa, haelekezwi." Ulisema hivyo mpaka tukakuigiza nyuma ya mgongo wako.

Na akishaletwa haulizwi kitu siku mbili, siku ya tatu anapewa kisu na kitunguu, maana mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huku akimenya ndipo husema, na machozi anasingizia kitunguu. Nekesa alisema kila kitu kwa vitunguu vitatu. Jinsi alivyofungiwa ghorofani, jinsi mlango ulivyofungwa kwa nguvu juu ya mkono wake na kidole gumba kikafa. Jinsi wakala aliyemleta alivyobaki na pasipoti yake na kumwambia bado ana nyumba nyingine ya kumpeleka, apende asipende. Ulimsikiliza huku umeshika mwiko. Baadaye ukaniambia pembeni, huyu watamtafuta.

Sasa nisikilize.

Ulipoanguka kule kazini kwako The Pearl, na siku mbili baadaye wakaniambia umekwenda, mimi akili iliniruka. Simu hazikukoma. Watu wa kwetu, wa Kisumu, Waganda, wahudumu wa hoteli, madereva, kila mtu uliyewahi kumpa sahani anauliza matanga yako wapi. Nami kichwani najua jambo moja tu, kwamba kwetu nyumba ya msiba haifungwi mlango. Mtu akifa, uani unawashwa moto, anayepita aingie, na anayemwuliza aliyekuja kulia "wewe umeletwa na nani?" huyo hana adabu. Ungelaliwa matanga na watu wachache waliojificha, wewe? Nikaona ni aibu. Nikatengeneza tangazo, picha yako ile ya kitenge cha njano, na chini yake nikaweka lokesheni. Nikalituma kwenye grupu la Wakenya. Likatumwa kwingine, na kwingine.

Ndiyo. Ni mimi. Miaka yote ile uliificha nyumba, na mimi nimeifichua kwa kidole kimoja, tena kwa heshima yako.

Siku ya pili nililifuta. Maji yakimwagika hayazoleki.

Watu walikuja, dada, ungefurahi. Uani ulijaa. Mzee Wasswa, mlinzi wetu wa shamba, alichukua pikapu akawabeba wengine kutoka kituo cha metro safari mbili, ndiyo maana waliokuwa ndani walidhani wageni wote wamekuja naye. Tulipika sima na maharagwe, wakaimba, wakatoa ushuhuda. Mtu mzima na suti yake alilia kwa sababu ulimpa kandambili mwaka juzi.

Na katika hao alikuwepo Mama Pendo.

Alijitambulisha hivyo. Mwanamke wa makamo, mnene kidogo, leso kichwani, sauti ya kanisani. Alikuja na kilo mbili za sukari kwenye mfuko wa njano uliofungwa mafundo mawili, kama inavyopasa mtu kwenda msibani. Alilia vizuri kuliko sisi. Kisha akaingia jikoni, akakunja mikono, akaosha sufuria zote, na huku anaosha anauliza. Huyu naye anatoka wapi? Hapa mnalala wangapi, maskini? Mlango huu wa nyuma hamwogopi wezi? Mimi nilimwona mwema. Nilimpa hata kanga yako ya kufutia mikono! Alibadilishana namba na Nekesa, akamwita binti yangu.

Wiki tatu baadaye mfuko wa njano ulining'inia kwenye geti. Sukari, kilo mbili, mafundo mawili. Tukasema kuna mtu amekumbuka msiba. Wiki iliyofuata ukaja mwingine. Da Halima hakupenda, akasema sadaka hubisha hodi. Aliimwaga mchangani, akasimama kuangalia sisimizi. Walikula wakashiba, hakuna aliyekufa. Hata hivyo tangu siku hiyo tunakunywa chai bila sukari.

Kisha gari. Jeupe, limesimama ng'ambo ya barabara ya vumbi, injini inanguruma, vioo vyeusi. Likikaa nusu saa linaondoka. Ungeniambia niandike namba, nami niliiandika, lakini kila likija namba ni nyingine, na Doha nzima ni magari meupe. Mzee Wasswa alilikaribia mara moja na jagi la maji, akijifanya ukarimu. Kioo kikashuka kidogo, mtu wa ndani akamwambia kwa Kiswahili kizuri, "Mzee, wangapi wamebaki?" Kikapanda.

Hapo tungehama, dada. Hapo hapo. Lakini kuhama kungemaanisha kueleza kwa nini, na kueleza kungemaanisha mimi kufungua mdomo. Nikasema tungoje, Nekesa amebakiza wiki tatu tu ubalozi umpe karatasi za kusafiria, ana mtoto Bungoma amemshonea nguo ya shule, tusimchanganye. Nilisema kwa ajili yake. Uongo. Nilisema kwa ajili ya uso wangu.

Jumanne ya wiki iliyopita, saa nane mchana, Nekesa alivaa viatu vyako vya kahawia akamwambia Da Halima anatoka getini mara moja. Mama Pendo alikuwa amempigia, na mwenzake wa chumbani aliyasikia. Alimwambia, "Dada Sidi aliniachia pasipoti yako nikutunzie, njoo uichukue." Kwa jina lako, unasikia? Na Nekesa, asiyemwamini hata mwenye duka, alimwamini huyo kwa sababu alikuwa ameosha sufuria za matanga yako. Hakurudi, chai yake ilibaki mezani. Da Halima hakuimwaga mpaka jioni.

Tulikwenda kituo cha polisi, wakaandika maelezo vizuri, na afisa mmoja mwanamke akanipa namba yake. Ubalozi nao tumewaambia. Tuliporudi tukakaa hapa uani tukaulizana lile swali tusilouliza siku ya matanga. Nani alimleta Mama Pendo? Mimi nilidhani ni jamaa yake Da Halima. Da Halima alidhani alikuja kwa pikapu ya Mzee Wasswa. Mzee Wasswa alidhani ni shangazi yangu, akasema hata tunafanana kidogo. Hakuna aliyemleta. Alijileta, kwa njia niliyomchorea mimi.

Na kesho yake mfuko wa njano ulikuwa getini tena. Sasa nilijua ni nini. Watu wa yule wakala wanatuhesabu, na kila mfuko ni kutuambia wanajua tupo.

Watu wakamgeukia Mzee Wasswa. Ungewasikia. Ati aliuza nyumba, ati Mganda huyu, ati mbona pikapu. Mzee aliyelala kwenye zege baridi ili wasichana wapate mikeka! Aliweka funguo za geti mezani, akarudi kibandani kwake, na siku tatu hakuja kula. Nami nilikuwa nampelekea sahani, naiweka mlangoni, naondoka bila kumtazama. Nilijichukia, dada, nakwambia wazi. Unaweza kumwibia mtu kitu ukarudisha. Jina lake utalirudisha vipi?

Leo asubuhi nilimwita. Nikawaita wote jikoni, nikasema. Tangazo, lokesheni, kulifuta, kunyamaza, yote. Mmoja alitoka nje akiubamiza mlango. Mzee Wasswa akasema, "Binti yangu, ungeniambia tu, ningekubeba." Basi. Hilo lilinivunja kuliko matusi. Da Halima ndiye aliyesogea, akafungua droo, akanipa kisu na kitunguu. Nikamenya. Sijui nilimenya vingapi, na sikusingizia kitunguu chochote.

Sasa nikwambie kwa nini nakwenda Al Sadd.

Jana mchana nilikuwa kazini, nampangia mteja zamu ya kung'oa jino, simu ikalia. Namba ya Nekesa. Ujumbe wa maandishi: Dada Dama ni mimi Nekesa. Nimesikia mnahama. Nitumie lokesheni ya nyumba mpya nije. Habari ya kuhama tumeambiana sisi saba tu, na maboksi yamekaa uani siku mbili, labda gari limeyaona. Na Nekesa hajawahi kuniandikia herufi moja. Kidole chake kile hakimruhusu. Yeye hutuma sauti, na kila sauti yake huanza na kicheko hata kama anaomba chumvi.

Nikajibu, nitumie sauti yako nijue uko mzima.

Saa nzima ikapita. Yule mteja alikwisha kung'olewa, amekaa mbele yangu na pamba mdomoni, ndipo sauti ikaingia. Sekunde chache. Haikuwa na kicheko. Lakini ni yeye, Dada Sidi, ni yeye, ningemjua hata kwenye kelele za harusi. Alisema taratibu, kama mtu anayesomewa na akaongeza la kwake:

"Dada Dama, mimi sijui njia. Mimi ni mtu wa kuletwa."

Nililia pale pale mapokezi, mteja akadhani namhurumia. Unaona alichofanya? Wao wamemshikia simu wanataka mahali tulipo, watu sita wengine. Naye mbele yao ameniambia nisiwape, na hawakuelewa. Binti wa kidole kimoja kibovu ameishika sheria yako, na mimi mwenye vidole kumi niliitupa.

Nikaandika: basi njoo pale nilipokupokea siku ya kwanza, kesho saa tisa, nitakuja mwenyewe. Jibu likaja haraka safari hii, kwa maandishi. Sawa. Uje peke yako.

Sitakwenda peke yangu, usianze kunigombeza. Yule afisa ameshaambiwa. Amesema watu wake watakuwa karibu bila sare, nami nisimwangalie mtu usoni. Mzee Wasswa atakuwa ng'ambo, kwenye mkahawa wa chai, amevaa shati lake la kanisani. Nimemwambia asije. Ameniambia funguo za geti amezichukua tena, na mwenye funguo hapangiwi. Labda Nekesa atakuwa kwenye benchi. Labda ni Mama Pendo na leso yake. Labda ni gari jeupe tu, na injini.

Wengine sita wanatoka saa saba na nusu, kabla yangu, mmoja mmoja, kila mmoja na mtu wa kumshika mkono. Wanawake wote wa mweria wameleta Ijumaa yao, hata yule nesi wa Machakos, na safari hii hakuuliza kwa nini. Vyombo ndivyo vya kesho. Mnavu nimeung'oa na mizizi yake, nimeufunga kwa kitambaa kibichi. Kiti chako tutakibeba.

Da Halima anajua nyumba mpya iko wapi. Mimi sijui. Nilimwomba asiniambie. Alianza kutaja mtaa, nikaziba masikio mbele ya watu wote. Wakinichukua pale kwenye benchi, wanifanye watakalo, sina la kuwapa. Mara hii mdomo wangu hautamponza mtu.

Ninaona saa. Natakiwa kuoga na kuvaa yale mavazi ya kazini ili nionekane nimetoka tu kliniki.

Lala, dada yangu. Udongo wa kwetu ni mwekundu na laini, haukulemei. Siwezi kukuahidi kwamba nitarudi na Nekesa, kwa sababu nimeshakuahidi mengi nikayavunja. Ninakuahidi lililo mikononi mwangu: nitaketi kwenye benchi lile, na akitokea nitamshika mkono, na sitauachia mpaka nivunjwe vidole. Kisha tutakaa hapo wawili, mimi na yeye, hatujui njia, tukimngoja mtu aje atulete.

Mdogo wako,
Dama